Wapangaji wa Jukwaa Gail

Nyambizi iliyoitwa Delta haikufika mita 5 kwa urefu. Ilibeba watu wawili tu. Rubani aliketi, na mtafiti alilala kifudifudi chini karibu na miguu ya mwenzake, uso ukiwa umegusana na dirisha dogo la duara, akitaja kwa sauti kila samaki aliyempita: jamii gani, ukubwa gani, yuko peke yake au na kundi. Ndani kulikuwa na baridi na unyevunyevu, na hapakuwa na nafasi ya kujigeuza. Kwa chombo hicho Milton Love, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, na wenzake walianza mwaka 1995 kuteremka kando ya miguu ya majukwaa ya mafuta ya Kusini mwa California, moja baada ya jingine, kuanzia juu mwanga ulipo hadi chini kwenye giza.

Moja ya majukwaa hayo linaitwa Gail. Liko katika mlango wa bahari wa Santa Barbara, kama kilomita 16 kutoka pwani, kuelekea kisiwa cha Anacapa. Lilisimikwa mwaka 1987 mahali ambapo maji yana kina cha mita 225. Anayelitazama akiwa kwenye mashua huona sehemu ndogo tu, yaani sitaha, winchi, mabomba, vyumba vya wafanyakazi na taa zinazowaka usiku kucha. Sehemu kubwa imo majini. Ni kiunzi cha mabomba manene ya chuma, miguu na mihimili iliyopishana, kirefu kuliko jengo lolote lililopo Dar es Salaam au Nairobi.

Gail halichimbi tena mafuta. Kwa mujibu wa mkataba wa kukodi eneo la bahari, jukwaa lililomaliza kazi lazima ling'olewe lote, na miguu yake ikatwe kama mita 4 na nusu chini ya uso wa tope, sakafu ya bahari ibaki kana kwamba hakuna aliyewahi kupita. Ni sharti la haki. Ukikodi nyumba ya mtu, siku ya kuondoka unaiacha ulivyoikuta. Tatizo ni kwamba wakati mpangaji mkuu yuko juu akivuta mafuta, chini waliingia wapangaji wengine ambao hakuna aliyewaandika kwenye mkataba.

Waliingia taratibu, kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyewahi kupandisha mashua pwani ili aisugue anaujua. Chuma kipya kikitumbukizwa baharini, siku chache tu kinashika utelezi. Baada ya wiki utelezi huo unaota majani na vile vikome vidogo vikali kama wembe, vinavyochana nyayo za wavuvi. Kisha wanafika kome, tabaka juu ya tabaka, mpaka bomba lenye unene wa pipa linaonekana kama gogo lenye magamba meusi. Ukiteremka zaidi, kome wanapungua na mahali pao panashikwa na anemoni, viumbe laini vinavyofanana na maua, vyeupe na vya waridi, vimeenea kwenye mihimili kama zulia. Kati yao kuna sifongo, kaa, konokono, viti vya pweza. Mawimbi ya dhoruba hubandua kome kwa mafungu, nao huanguka mpaka chini na kurundikana. Baada ya miaka 30 chini ya jukwaa kunakuwa na kilima cha makombe, na kilima hicho nacho kina wakazi wake, pweza na samaki wadogo waliojibanza katika nafasi kati ya kombe na kombe.

Halafu kuna samaki wenyewe. Wengi ni wa jamii ya Sebastes, samaki wa mwambani, wenye mabega mapana, miiba mgongoni na macho makubwa. Samaki hawa hukua polepole na kuishi muda mrefu. Wengine hupita umri wa binadamu, na hawatagi mayai, huzaa. Jike mkubwa anaweza kutoa zaidi ya watoto milioni moja kwa msimu, kila mmoja mwembamba kama uzi, wakachukuliwa na mkondo. Wengi hawafiki popote. Wachache wanaobahatika kukutana na kitu kigumu cha kujificha, wanashuka hapo. Kwenye majukwaa ya California watafiti waliwakuta hao wadogo wakielea kwa makundi katikati ya kiunzi, mbali na midomo ya wakubwa. Wakubwa wenyewe walikuwa chini kabisa, wametulia kwenye uwazi ulio kati ya mhimili wa mwisho na tope, kama wazee barazani.

Mmoja wa samaki hao ni bokachio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amevuliwa kupita kiasi mpaka serikali ya Marekani ikamweka kwenye orodha ya samaki waliozidiwa na uvuvi, na mwenzake mkubwa zaidi, kaukodi, akafuata. Maeneo makubwa ya bahari yakafungwa. Wavuvi wa huko waliumia, kwa kuwa kufungiwa bahari ni kufungiwa jiko. Wakati huohuo watafiti waliokuwa wakiteremka na Delta walikuwa wanaona jambo lisilolingana na habari zile. Kwenye Gail walikuta bokachio na kaukodi wazima wamesongamana kuliko mahali pengine popote walipopima Kusini mwa California, pawe mwamba wa asili au wa chuma. Mwaka 2005 walichapisha hesabu yao. Kwa watoto wanaoweza kuzaliwa hapo, kuling'oa Gail ni sawa na kufuta karibu hekta 13 za mwamba wa kawaida kwa upande wa kaukodi, na zaidi ya hekta 29 kwa upande wa bokachio. Mwaka uliofuata wakaandika kuhusu majukwaa manane waliyoyapima. Bokachio wachanga waliokutwa hapo hawakupungua kama 430,000, sawa na moja ya tano ya wale ambao kwa wastani huokoka kila mwaka katika eneo zima la bahari anamoishi samaki huyo.

Nimezisoma namba hizo mara kadhaa. Siwezi kuzipita kirahisi. Tunazungumza juu ya samaki ambaye taifa zima lilikuwa linahangaika kumrudisha, na sehemu kubwa ya vizazi vyake ilikuwa inalelewa ndani ya chuma ambacho sheria inataka kikatwe na kuuzwa kama chakavu.

Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Jeremy Claisse, pamoja na Love, ilitoa matokeo mapana zaidi, yaliyozunguka dunia nzima kwenye magazeti. Walilinganisha majukwaa 16 na miamba 7 ya asili iliyo katika kina kinachofanana. Kwa kila mita ya mraba ya sakafu ya bahari, majukwaa yalizalisha samaki mara 27 hivi ya miamba. Hapa niseme kitu, maana namba hiyo imetumika kwa namna ambayo hainiridhishi. Jukwaa ni ghorofa. Mwamba ni nyumba ya chini. Ukihesabu wakazi wa ghorofa la sakafu 20 ukawagawa kwa eneo la msingi wake, bila shaka utaona limeshinda kijiji. Hilo halifanyi kijiji kiwe kibaya, wala halimaanishi majukwaa hayo yanaweza kuchukua nafasi ya miamba yote ya pwani ile. Linalothibitishwa ni kwamba samaki hawapiti hapo njiani tu. Wanazaliwa, wanakula na kukua hapo, tofauti na dhana ya zamani kwamba chuma huvuta tu samaki wa kwingine na kuwakusanya mahali pamoja ili wavuliwe kirahisi.

Mvuvi wa mshipi wa kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hatashangaa sana. Anajua kwamba chombo kilichozama ni mali. Wanaofahamu mahali meli fulani ilipolala hawapatangazi sokoni. Wanapashika kwa alama za nchi kavu, mnazi huu ukae sawa na mnara ule, na mara nyingi baba humwonyesha mwanawe peke yake. Bahari yenye tope au mchanga mtupu ni kama jangwa, na kitu chochote kigumu kinachosimama humo kinakuwa mti.

Basi kwa nini watu wa Santa Barbara, wenye wanasayansi wao na hesabu zao, hawakubali chuma kibaki? Ni wajibu kuwasikiliza, kwa sababu hawazungumzi kwa kutojua.

Pwani yao ndiko mafuta ya baharini yalikoanzia. Huko Summerland, kitongoji kidogo mashariki mwa Santa Barbara, katika miaka ya 1890 watu walijenga magati ya mbao kuingia baharini na kuchimba visima juu yake. Kisha, tarehe 28 Januari 1969, wafanyakazi wa Jukwaa A la kampuni ya Union Oil, kama kilomita 9 kutoka ufukweni, walikuwa wakichomoa mabomba kisimani pale gesi ilipolipuka kutoka chini. Bomba la kinga lililotakiwa kuzuia hatari hiyo lilikuwa fupi kuliko kanuni ilivyodai. Kampuni ilikuwa imeomba kuruhusiwa kulipunguza, na wakaguzi wa serikali wakaridhia. Kisima kilipozibwa juu, shinikizo likatafuta njia nyingine, na mafuta yakaanza kububujika kutoka kwenye nyufa za sakafu ya bahari yenyewe.

Makadirio ni mapipa kati ya 80,000 na 100,000. Wenyeji walimwaga majani makavu ufukweni ili yanyonye mafuta, kisha wakayakusanya kwa uma za shambani na kuyapakia kwenye malori. Ndege zaidi ya 3,000 walikufa, manyoya yameshikana, hawawezi kuruka wala kuelea. Waliookotwa wakiwa hai waliogeshwa mmoja mmoja kwenye mabeseni, na wengi wao walikufa hata hivyo. Picha hizo zilitikisa Marekani nzima. Seneta Gaylord Nelson alipotembelea pwani hiyo aliondoka na wazo lililozaa Siku ya Dunia, tarehe 22 Aprili 1970, na sheria kuu ya mazingira ya nchi ile ilitiwa saini siku ya kwanza ya mwaka huo. Jukwaa A bado limesimama palepale. Mtu aliyekuwa na miaka 10 siku ile, akitembea ufukweni leo, bado analiona.

Kwa hiyo mzee wa Santa Barbara anapomwambia mwanasayansi, "Waliahidi kuondoka, waondoke na vyuma vyao," anadai ahadi. Kituo cha Environmental Defense Center, kilichozaliwa mjini humo mwaka 1977 kutokana na machungu ya mafuta yale, kimepinga kwa miaka mingi mpango wa kuyageuza majukwaa kuwa miamba, kwa hoja mbili ambazo sijaona jibu jepesi kwazo. Kwanza, kampuni inaokoa mamilioni kwa kutoliondoa jukwaa zima, na zawadi hiyo inaweza kuwa motisha ya kwenda kujenga mengine. Pili, chuma kikishabadilishwa jina na kuitwa makazi ya samaki, nani atawajibika siku kisima kilichozibwa kikivuja?

Kuna mfano wa karibu kabisa wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda vibaya hata jukwaa linapoondolewa. Mwaka 1996 kampuni ya Chevron iling'oa majukwaa manne yaliyokuwa karibu na pwani hiyo, Hazel, Hilda, Hope na Heidi. Chuma kiliondoka. Vilima vya makombe vilibaki, na ndani yake kulikuwa na taka za uchimbaji zilizomwagwa chini enzi ambazo hakuna aliyekataza, zimefunikwa na kome waliodondoka miaka yote ile. Kuvichota kungetibua sumu na kuisambaza. Kuviacha ni kuacha sumu humo. Vimebaki.

Ng'ambo ya pili ya Marekani, kwenye Ghuba ya Meksiko, mjadala ulichukua njia nyingine kabisa. Mwaka 1947 kampuni ya Kerr-McGee ilichimba kisima cha kwanza baharini mahali ambapo nchi kavu haionekani, nje ya Louisiana, na katika kilele chake ghuba ile ilikuwa na majukwaa kama 4,000. Sakafu yake karibu yote ni tope. Vizazi vya wavuvi wa huko vimekua vikijua samaki wako wapi. Unafunga mashua karibu na jukwaa, unashusha ndoano, unapandisha changu wekundu, kolekole, chewa na mizia. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya miamba bandia mwaka 1984, Louisiana ikaanzisha mpango wake mwaka 1986, Texas ikafuata, na mpaka sasa majukwaa zaidi ya 500 yamegeuzwa. Mengine huvutwa hadi eneo lililotengwa, mengine huangushwa palepale, na mengine hukatwa sehemu ya juu tu, kama mita 26 chini ya maji, ili meli zipite salama. Nusu ya fedha ambayo kampuni imeokoa huingia kwenye mfuko wa jimbo wa kutunza miamba hiyo.

Majukwaa yasiyoingia kwenye mpango huo mara nyingi hukatwa kwa baruti. Vilipuzi hushushwa ndani ya miguu, chini ya usawa wa tope, na kulipuliwa. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Tanga, Kilwa au Mafia kinachofuata. Wimbi la mlipuko hupasua kibofu cha hewa tumboni mwa samaki, wengine huelea matumbo juu, wengi zaidi huzama bila kuonekana. Kwetu anayefanya hivyo ni mhalifu, hufukuzwa na boti za doria na kufungwa akikamatwa. Kwenye ghuba ile ni njia halali ya kufuata sheria ya usafi wa bahari. Ni hapo ndipo wavuvi wa Louisiana na Texas walipokasirika zaidi, na ni hasira hiyo iliyosukuma majukwaa mengi kuokolewa.

Hata hivyo ghuba ile nayo ina somo lake la upande wa pili. Kuna tumbawe lenye rangi ya machungwa iliyokolea, Tubastraea coccinea, ambalo asili yake ni bahari zetu, Hindi na Pasifiki. Lilivuka kwenda Karibiani katika karne ya 20, labda likiwa limeshika kwenye meli, na kwenye chuma cha majukwaa likapata ngazi ya kupanda kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sasa limejaa humo na linasukuma viumbe wenyeji. Ukipanda miti jangwani huwezi kuchagua ndege watakaotua.

Ulaya waliamua kwa namna ya tatu. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilitaka kulizamisha tangi kubwa la kuhifadhia mafuta, Brent Spar, katika Atlantiki ya Kaskazini, mahali penye kina cha zaidi ya mita 2,000. Wanaharakati wa Greenpeace walilipanda na kulikalia, Wajerumani wakasusia vituo vya mafuta vya Shell, na tarehe 20 Juni kampuni ikasalimu amri. Baadaye Greenpeace ilikiri kwamba makadirio yake ya mafuta yaliyobaki ndani ya tangi hayakuwa sahihi, ikaomba radhi. Lakini mwelekeo ulikuwa umeshawekwa. Mwaka 1998 nchi za Atlantiki ya Kaskazini Mashariki zilikubaliana kwamba hakuna mtambo utakaotupwa wala kuachwa baharini, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Tangi lenyewe lilivutwa hadi Norwei, likakatwa vipande, na vipande hivyo vikawa msingi wa gati. Mwaka 1999 wanasayansi wakaeleza kwamba juu ya chuma kile walikuwa wamekuta Lophelia pertusa, tumbawe la maji baridi linalolindwa, likiwa limekua kwa miaka mingi bila mtu kujua.

California ilijaribu kutafuta njia ya kati. Mwaka 2010 Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini sheria inayoruhusu jukwaa kukatwa juu na kuachwa chini, baada ya uchunguzi wa kila jukwaa kwa upande wake, na kampuni itoe sehemu kubwa ya fedha inayookolewa. Sehemu hiyo iliwekwa ipande kadiri miaka inavyokwenda, kuanzia asilimia 55 hadi asilimia 80. Watafiti wamekwisha kupiga hesabu ya athari. Ukikata mita 26 za juu, kwa wastani asilimia 80 ya uzito wa samaki wote hubaki, kwa sababu samaki wanaohesabika wako chini. Sheria hiyo ipo. Mpaka naandika makala haya, hakuna jukwaa hata moja la California lililogeuzwa mwamba kwa sheria hiyo.

Sababu mojawapo ni hofu ya deni, na hofu hiyo ina ushahidi. Magharibi ya Santa Barbara, mbele ya mji wa Goleta, lipo jukwaa linaloitwa Holly, lililosimikwa mwaka 1966. Mwezi Mei 2015 bomba la nchi kavu lililosafirisha mafuta ya eneo hilo lilipasuka karibu na ufukwe wa Refugio, uzalishaji ukasimama, na mwaka 2017 mmiliki wa Holly, kampuni ya Venoco, akafilisika. Alikabidhi jukwaa na visima 30 kwa Tume ya Ardhi ya Jimbo na kuondoka. Jimbo lilijikuta linalipa walinzi, mafundi na boti. ExxonMobil, iliyowahi kulimiliki jukwaa hilo zamani, ndiyo iliyobeba kazi ya kuziba visima, na kisima cha mwisho kilizibwa mwaka 2024. Gail nalo lilikuwa mikononi mwa Venoco hiyohiyo. Kampuni ilipoanguka, mzigo ulirudi kwa Chevron, mmiliki wa awali, kwa kuwa sheria ya shirikisho haimwachi mmiliki wa zamani aende zake.

Kifungu hicho cha sheria, kinachomrudisha mmiliki wa zamani mezani hata baada ya kuuza, kwangu ndicho muhimu kuliko majadiliano yote kuhusu mita ngapi zikatwe. Naunga mkono Gail libakizwe chini. Naunga mkono lichunguzwe peke yake na kila jingine lichunguzwe peke yake, maana jukwaa lililo kwenye kina cha mita 30 karibu na mwamba hai halina thamani sawa na lililo peke yake kwenye tope la mita 200. Lakini chuma kinachobaki kiwe kimelipiwa kwanza. Visima vizibwe kwa saruji na kukaguliwa na mtu asiyelipwa na kampuni. Fedha ya kufuatilia iwekwe benki kabla msumeno haujagusa bomba, na jina la anayewajibika lisifutwe kwa miaka ambayo bokachio mmoja anaweza kuishi, yaani miongo mitano hivi. Samaki hawakusaini mkataba wa Venoco. Wala watu wa Goleta hawakuusaini.

Na kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kwa nini bokachio wazima walisongamana kwenye Gail wakati kwingine walikuwa wamekwisha? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu hakuna aliyeweza kukokota jarife karibu na chuma kile bila kulipoteza, na wafanyakazi wa jukwaa hawakuruhusu mashua kutia nanga chini yao. Kwa miaka 30 jukwaa lilikuwa hifadhi bila kutangazwa hifadhi. Sasa ondoa sitaha, ondoa taa, ondoa walinzi, weka alama ya mwamba kwenye ramani ya simu. Samaki aliyechukua miaka 20 kukua, anayekaa mahali pamoja na kujulikana alipo, atamalizwa kwa misimu michache. Kwenye Ghuba ya Meksiko wavuvi ndio wanaosukuma majukwaa yabaki, kwa sababu wanataka pa kuvulia, na haki yao naielewa. Kwa Gail nadhani kinachotakiwa ni kinyume chake, kiunzi kibaki na ndoano zizuiwe. Vinginevyo tutakuwa tumehifadhi nyumba na kuwatoa wenyewe.

Sisi tunalitazama hili kutoka mbali kidogo, ila si mbali sana. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na inazalisha umeme tangu 2004. Baadhi ya visima vyake viko baharini, karibu na matumbawe ambayo watu wa kisiwa hicho wamevua tangu mababu. Gesi ya bahari kuu nje ya Lindi na Mtwara, iliyogunduliwa kuanzia mwaka 2010, iko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000 katika baadhi ya maeneo, na ikija kuvunwa mitambo yake mingi italala sakafuni, haitasimama kama Gail. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 tayari inazungumzia mpango na mfuko wa kuondoa mitambo kazi ikiisha. Ningependa wavuvi wa Songo Songo waulizwe mapema, mkataba ukiwa bado unaandikwa, ni kipi wangetaka kiondolewe na kipi kiachwe, na samaki wahesabiwe kabla ya kazi kuanza, wakati wa kazi na baada yake. California walianza kuhesabu kwa Delta mwaka 1995, karibu karne nzima baada ya magati ya Summerland. Delta ndiyo iliyowapa sehemu kubwa ya ushahidi wanaougombania leo.

Majukwaa manane ya California katika maji ya shirikisho sasa yanasubiri kung'olewa, Gail likiwa mojawapo. Kila masika watoto wa bokachio, wakiwa na urefu wa kidole, hufika kutoka bahari ya wazi na kushuka kwenye mihimili ya katikati. Wakikua wanateremka, mwaka hadi mwaka, mhimili kwa mhimili, hadi kwenye ule wa mwisho juu ya kilima cha makombe. Wale waliofika msimu huu watahitaji miaka kadhaa kufika huko chini.